Ripoti Iliyochelewa

Jumapili saa nane mchana nilisimama mbele ya nyumba ya mama wa mchumba wangu, maneno yote yakiwa tayari kichwani, na miguu ikagoma. Ngazi tatu tu! Mimi huyu, ambaye ofisini wananiita Pilipili, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kukosa la kusema, nilisimama pale nikisoma kibao cha "Fundi wa nguo za kike na kiume" kama mtoto anayejifunza herufi.

Ngoja niseme kosa langu haraka, maana nikilizungusha nitaanza kujionea huruma.

Kampuni yetu inatengeneza mashine zinazokaa kando ya kitanda cha mgonjwa na kumpimia dawa ya dripu, tone kwa tone. Ndani ya kila mashine kuna kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta kuna kerneli, ile programu mama inayogawa kazi na nafasi kwa programu nyingine zote. Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa moja: kuifanya kerneli itumie uwezo wa chipu mpya, chipu inayogundua yenyewe programu inapoingiza mkono kwenye kumbukumbu isiyo yake. Makosa ya namna hiyo ni ya kishenzi. Mashine inakwenda vizuri siku arobaini, ya arobaini na moja inaganda bila sababu. Mbili kwenye meza yetu ya majaribio zilikuwa zimeshaganda hivyo.

Jumanne iliyopita, kwa mara ya kwanza, chipu ikapiga kelele. Ripoti ikatoka, na ndani yake ikatajwa programu ya pampu. Programu ya pampu imeandikwa na mtu mmoja tu ofisini, kijana mpole tunayemwita Taratibu. Mchumba wangu.

Kikao kilikuwa kinaanza baada ya dakika tano. Niliingia na karatasi mkononi, nikasimama mbele ya watu kumi na wawili, nikasema, "Tumempata mwizi. Ni pampu." Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini nilitaka waone kwamba mimi simbebi mtu, basi nikaongeza, "Na asifunikwe eti kwa sababu ni mchumba wangu." Watu wakainama. Taratibu akaichukua ripoti, akaisoma, akakawia kwenye mstari wa pili, kisha akaniangalia. Macho yale nikadhani ni ya mtu aliyekamatwa. Mkuu wetu alipomuuliza, akajibu, "Sina la kusema." Kabla ya saa kumi alikuwa amevuliwa kazi ya pampu na kupewa barua ya uhamisho kwenda tawi la mbali, aondoke Jumatatu.

Jana Jumamosi, nikitafuta mstari wa pampu wa kurekebisha, nilirudia jaribio, safari hii kwa uangalifu, chipu ikanionyesha mwizi halisi. Alikuwa mimi.

Nikabisha hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

Cherehani iliendelea kuunguruma. "Mimi ni wengi."

"Mimi wa... wa mwanao."

Ikanyamaza. "Ingia. Mlango haujafungwa. Sisi hatuna tunachoficha."

Hiyo "sisi" ilinipata sawasawa.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Vitambaa vilirundikwa hadi dirishani, na nguo zilizokwisha kushonwa zilining'inia kwenye ndoano ukuta mzima. Nyuma kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia nikasikia mtu anapiga pasi. Nilijua ni nani kwa namna pasi ilivyokuwa haina haraka. Moyo wangu, mpumbavu ule, ukaruka. Kisha nikaona begi kubwa chini ya pazia, zipu imefungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho, alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. "Kama umekuja kumwona anavyofungasha, umechelewa. Amemaliza."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa nani?"

"Kwake. Na kwako."

"Mimi hukunitaja kwenye kikao."

Jamani! Nilitafuta pa kukaa, sikuambiwa nikae, nikabaki nimesimama na mkoba wangu kifuani.

"Mwanangu huyu," akasema, "tangu darasa la kwanza sijawahi kuletewa barua ya kosa lake. Nimekuja kuiona ya kwanza ana miaka thelathini na moja, na aliyesababisha ni wewe, unayetaka kuniita mama mkwe. Nikamuuliza, alikuita pembeni kwanza? Akasema hapana. Nikampigia baba yake mkubwa, nikamwambia, shemeji, hiyo safari ya Jumamosi kwa kina binti isubiri. Mwanamke anayemwanika mwanaume kabla hajaolewa naye, akishaolewa atamfanya nini?"

Safari yenyewe, ya Jumamosi ijayo, ilikuwa ya kuja kuniposa. Baba yangu alikuwa ameshapaka rangi sebule, peke yake, na mgongo wake ule. Sikuwa nimemwambia chochote.

"Mama, una haki ya kunisema. Ila niruhusu nieleze ilivyokuwa. Si kujitetea."

"Eleza. Lakini useme maneno ya watu, si hayo mnayozungumza na mwanangu mezani mpaka chai inapoa."

Nilitazama huku na huku nikitafuta pa kuanzia. Ndipo nikaona nguo zile ukutani zina vipande vya uzi kwenye kola, nyekundu, kijani, manjano.

"Nyuzi hizi ni za nini, mama?"

"Si alama? Kila mteja na rangi yake. Nguo naitia uzi mwekundu kwenye kola, na yeye nampa karatasi yenye uzi mwekundu. Akija wa kijani akashika nguo ya mwekundu, hapo hapo namwambia, baba, hiyo si yako. Akishachukua yake, ndoano naipa mteja mwingine, na rangi nyingine."

"Basi hiyo ndiyo kazi yangu yote ya miaka miwili," nikasema. "Kumbukumbu ya kompyuta ni kama ndoano hizi. Programu ikipewa ndoano, chipu inaitia ndoano uzi, na programu nayo inapewa uzi wa rangi ileile. Ikirudisha ndoano, rangi inabadilishwa. Sasa ikirudi kinyemela na uzi wake wa zamani, rangi zinakataana, chipu inapiga kelele."

Aliweka sindano chini. Kwa mara ya kwanza tangu niingie alinitazama usoni.

"Inapiga saa ngapi?"

"Samahani?"

"Hiyo kelele. Inapiga mkono ukiwa bado kwenye nguo, au baadaye, nikiwa nahesabu nguo zangu?"

Masikio yalianza kuniwaka. Wasomi kumi na watatu tulikaa kwenye kikao kile, tuna vyeti vya kuezekea nyumba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo kwa sauti.

"Kuna njia mbili, mama. Unaweza kuiambia ishike mkono palepale, lakini mashine nzima inakwenda ikichechemea. Au unaiambia iandike tu pembeni kwamba kuna mkono umepita, iseme ikipata nafasi. Hiyo ni nyepesi."

"Wewe uliiweka ipi?"

"Nyepesi. Mkuu alikuwa analalamika kwamba nachelewesha mashine zake."

"Kwa hiyo ilisema baadaye."

"Ndiyo."

"Na mwanangu ndiye aliyekuwa amesimama dukani wakati wa kuhesabu."

"Ndiyo, mama."

"Loh!" Akapiga paja. "Na mkono wenyewe ulikuwa wa nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema hili tangu asubuhi, na bado lilitoka kwa shida.

"Wangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika mistari miwili. Mgonjwa akimaliza dripu, tufute habari zake, kisha turudishe ndoano. Mimi niliigeuza. Narudisha ndoano kwanza, ndipo nafuta. Mara nyingine ndoano imeshapewa mwingine, kwa hiyo nafuta vya mwenzangu. Mara nyingi ni vya pampu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema polepole.

"Nilijiona nina akili kuliko wote, mama. Nilimhukumu mwanao kwa karatasi ambayo hata sikuisoma vizuri. Nikajisifu kwamba sina upendeleo. Sijala chakula kikashuka tangu jana."

Pasi ilikuwa imenyamaza, hata sikumbuki tangu lini. Pazia likafunguka.

Siku tano nilikuwa sijathubutu kumtazama usoni. Alikuwa amekonda, au pengine ni mimi niliyekuwa na njaa ya kumtazama. Alishika shati, upande mmoja umepigwa pasi na mwingine bado, na alikuwa na ile harufu ya nguo ya moto ambayo ningeijua hata nikifungwa macho. Nilitaka kwenda kumshika uso. Nikang'ang'ania mkoba.

"Umesikia," nikasema.

"Nimesikia." Akalitazama shati. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu Jumanne. Mstari wa pili wa ripoti unasema kabisa kwamba chipu ilikuwa kwenye njia ya kuchelewa. Ripoti ya namna hiyo haimtaji mtu. Inasema tu kwamba kuna mtu."

Kwa hiyo yale macho hayakuwa ya mkosaji. Alikuwa ananingoja mimi nishtuke.

"Ulijua, halafu ukasema huna la kusema?"

"Mkuu alikuwa anatafuta sababu ya kuifunga kazi yako. Ningesema pale mbele za watu kwamba ripoti yako ya kwanza umeisoma vibaya, angeifunga kabla hujakaa kwenye kiti. Miaka yako miwili ingekwenda na maji."

"Kwa hiyo ukanibebea."

"Nikakubebea."

Najua mnataka niseme nilimwangukia kifuani nikalia. Thubutu! Nililipuka.

"Nani alikutuma? Nilikuomba? Mashine mbili zimeganda mezani, unajua mwizi bado yumo ndani, unakaa kimya siku tano ili mimi nisione aibu? Mwezi ujao zile mashine zinakwenda wodini! Zinalazwa kando ya watu!"

"Sikukaa. Nilikuwa namtafuta, na nilimpata Ijumaa. Ile mistari yako miwili. Nilitaka nikifika huko nikutumie, uirekebishe kimyakimya, asijue mtu."

"Na mimi je? Ungeniambia kwamba ulijua tangu mwanzo?"

Akaanza kulikunja shati.

"Si nakuuliza! Ungeniacha nikuone mkosaji maisha yangu yote? Ungenioa hivyohivyo?"

"Ningekuoa hivyohivyo," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Hapo ndipo machozi yaliponitoka, ya hasira na ya mapenzi kwa pamoja, na sikujua nifute yapi kwanza.

"Mkishamaliza, na mimi nina langu," mama yake akasema. Alikuwa amesimama, tepi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Siku tano namsema binti wa watu kwa kila mteja anayekanyaga hapa. Mpaka mwenye gauni la manjano nimemsimulia. Na wewe uko nyuma ya pazia unanisikiliza, unapiga pasi!"

"Mama, sikutaka..."

"Usiniambie 'mama'. Baba yako alikuwa hivihivi. Ukimuuliza kinachomuuma, hakuna. Anashika ubavu, hakuna. Tumemfikisha hospitali bado anasema hakuna, daktari akaniuliza mimi kwa nini nimemchelewesha." Sauti ikamkatika. Akakaa, akaishika sindano na kuiachia tena. "Mimi hicho kimya chenu sikitaki tena ndani ya nyumba hii."

Taratibu alilaza shati juu ya cherehani, akamshika mama yake bega. Aliachiwa amshike.

Nikatoa simu mkobani.

"Unampigia nani?" Taratibu akaniuliza.

"Mkuu."

"Leo Jumapili. Ngoja kesho." Akaja akaushika mkono wangu, simu na vyote. Kiganja chake kilikuwa cha moto. Ingekuwa siku nyingine ningeiacha simu ianguke. "Pilipili, nisikilize. Atakunyang'anya ile kazi."

"Aninyang'anye. Kesho wewe utakuwa umeshaondoka."

Akauachia mkono. Nikaweka sauti ya nje, ili mama yake asikie kila neno na asihadithiwe.

Mkuu alipokea kwa kuguna. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, bila kupamba. Nilisoma ripoti vibaya. Pampu haina kosa. Kosa ni mistari miwili, niliyoiandika mimi, na nimeshaijaribu ikiwa imerekebishwa.

"Una hakika safari hii?" Mkuu akauliza.

"Safari hii chipu ilishika mkono palepale."

"Nani mwingine anajua?"

Nilimtazama Taratibu. Kabla sijafungua mdomo, yeye akainamia simu. "Mimi, Mkuu. Nilijua tangu Jumanne. Nilipaswa kusema."

Mkuu akavuta pumzi ndefu. "Nyie wawili mtaniua kabla ya siku zangu. Sikilizeni. Uhamisho nimeufuta. Wewe binti, kesho saa tatu utayasema haya mbele ya watu walewale, kwa mdomo uleule. Na ile kazi ya chipu utaikabidhi mpaka ikaguliwe upya, mstari kwa mstari. Ikipita, tutaona nani anaimalizia. Sikuahidi kwamba utakuwa wewe."

"Nimeelewa."

"Lakini imefanya kazi," akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Imemkamata hata aliyeileta." Akakata.

Niliirudisha simu mkobani. Miaka miwili. Niliikumbuka kila asubuhi niliyofika kabla ya wafagiaji. Mama yake akanivutia kiti, cha wateja wanaongoja kupimwa, akanisukumia kwa mguu. Nikakaa.

"Sasa mimi," Taratibu akasema. Alichuchumaa mbele yangu, macho yake na yangu yakalingana. "La ripoti nimeshakusamehe. Kila mtu anakosea kusoma. Kuna lingine."

"Lipi?"

"Meza yangu na yako ni hatua nane. Ulikuwa na dakika tano. Hukuja kuniuliza."

Ningempa sababu, ninazo nyingi. Ningesema niliogopa watu, niliogopa waseme nampendelea. Nilizimeza zote.

"Nilingoja uje hata baada ya kikao," akaendelea. "Jumatano nikangoja. Alhamisi nikaacha kula kantini ili unikute mezani. Ulikuwa unapita."

"Nilikuwa nangoja ukatae," nikasema. "Ungesema tu neno moja, 'si mimi', ningerudia jaribio siku ileile. Uliponyamaza nikajua umekubali. Nililia chooni, halafu nikarudi kupita mbele yako nimekaza shingo."

"Sasa nimeona."

"Umeona nini?"

"Kwamba tungengojana mpaka tuzeeke."

Nikacheka, kamasi zinanitoka, aibu tupu. Yeye hakucheka. Bado kulikuwa na kidonda usoni mwake, na mimi nilikuwa nakiona vizuri. Kumwomba mtu radhi hakufuti siku tano. Sikujua kama nimempata tena au nimempata nusu, na sikuwa na haki ya kudai.

Simu ya mama yake ikaita juu ya rundo la vitambaa.

"Ndiyo, shemeji," akaitikia. "Hatujambo... Yuko. Wako wote wawili... Hapana, hawagombani. Walikuwa wanagombana, wamepumzika." Akasikiliza, akatutupia jicho. "Ngoja." Akaifunika simu kwa kiganja. "Ni baba yenu mkubwa. Wenzake wanataka jibu leo, maana mmoja wao ana safari. Jumamosi waende kwa kina binti au wasiende?"

Akanitazama mimi. Ni kweli, katika nyumba ile mimi ndiye mwenye mdomo. "Waje!" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilimwona baba yangu na sebule yake iliyopakwa rangi. Nilijiona nikilisema, na watu wakifurahi, na Taratibu akinyamaza na kukubali, kama anavyokubali kila kitu. Nikalirudisha neno lilikotoka. Mara moja nilikwishamwamulia mbele za watu, ilitosha.

Nikamgeukia.

"Nakuuliza wewe," nikasema. "Unataka waje?"

Alikawia. Mungu wangu, alikawia! Cherehani, nguo, nyuzi, kila kitu ndani ya chumba kile kilikuwa kinamngoja. Nilisikia moyo wangu mpaka kwenye meno, na kwa mara ya kwanza maishani sikumsaidia mtu kumalizia sentensi yake.

Kisha akainuka, akaenda akauondoa mkono wa mama yake juu ya simu, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Baba mkubwa, waende. Na mimi nakwenda nao. Na yeyote anayedhani mimi sina neno, mwambie siku hiyo, mbele ya baba yake huyu binti, neno la kwanza nalisema mimi."

Mama yake aliichukua simu, akageukia ukutani ili tusimwone uso.

"Umesikia mwenyewe, shemeji," akasema.